Ukitaka jua la ziwani liwake kwenye kitambaa, zima rangi kwanza

Jamani, wale wenzangu mnaodarizi mishono ya msalaba ile ya kuhesabu vijumba kwenye chati, kama unatamani kuliweka ziwa letu ukutani naomba usome hapa kabla hujanunua nyuzi, mimi imenigharimu karibu wiki tatu za kufumua.

Nilipiga picha jua linazama nyuma ya Bismarck Rock, yale mawe ya Mwanza ndani ya Ziwa Victoria, nikaitengenezea chati ya vijumba 84 kwa 112. Kitambaa changu ni Aida ya 14, yaani mishono 14 kwa inchi, kwa hiyo picha inatoka inchi 6 kwa 8, na mishono yake ni 9,408, siyo kazi ya kurudia ovyo. Nikachagua chungwa kali kuliko zote kwa ajili ya jua na bluu iliyokolea kwa ajili ya maji. Nikamaliza, nikatundika, na kila nikiangalia naona kifungo cha shati kimeshonewa juu ya maji. Haliwaki kabisa.

Ndo nikarudi kuutazama vizuri ule mchoro wa Claude Monet wa jua linachomoza bandarini Le Havre, Ufaransa, aliouchora 1872 na ukaoneshwa Paris 1874, ambao jina lake, Impression, soleil levant, ndo lilizaa neno impreshenisti, yaani wale wachoraji wa kunasa mwanga wa papo hapo. Ufungue kwenye simu halafu utoe rangi, ubaki nyeusi na nyeupe. Lile jua la chungwa karibu linapotea lote! Mwanga wake unakaribia kulingana na wa anga la kijivu lililolizunguka, kinacholitofautisha ni rangi tu, na hapo ndipo macho yanaliona kama linatetemeka.

Basi sasa hivi nyuzi zangu nazipanga asubuhi karibu na dirisha (usiku na taa ya njano utadanganyika), napiga picha, natoa rangi. Chungwa na kijivu zikionekana sawa hapo, nazichukua. Nilipofumua na kuanza upya hivyo, mama akapita akasimama, akasema hii saa kumi na mbili na nusu hii, bado kidogo wavuvi wa dagaa waingie ziwani.

Maji nayo usiyashone rangi moja. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita ndani, kwa Aida ya 14 unatumia mbili, sasa chukua mmoja wa bluu na mmoja wa kijivu chenye uzambarau upitishe kwenye sindano moja. Ukisogea karibu unaona vidoa vidoa, ukirudi nyuma hatua tatu ni ziwa limetulia. Anga shona nusu mshono tu, ule mkato mmoja wa mshazari, kitambaa chenyewe kinapumua katikati. Mawe ndo yape mshono kamili ili yawe mazito, na kivulini usitumie uzi mweusi, weka kahawia na zambarau iliyokolea. Na mkato wa juu uelekee upande mmoja mwanzo mpaka mwisho, maana uzi unang'aa, ukigeuza hapa na pale maji yanaonekana yamekwanguliwa.

Ile njia ya mwanga majini usiijaze kama barabara. Monet aliweka mikwaruzo michache mifupi tu. Mimi nimeweka mishono 19, imeachana achana.