Jumamosi Uliyoshinda Ukisoma: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ulifungua riwaya Jumamosi asubuhi kabla ya chai, na ulipoinua kichwa giza lilikuwa limeanza kuingia mtaa wa Umoja, Nairobi, nguo zingali kwenye beseni na simu za watu hujazijibu. Sasa unaniuliza: "Mama, mtu mzima mwenye kodi ya kulipa ana ruhusa ya kupoteza siku namna hiyo?"

Anayo. Wasiwasi wako naujua ulikotoka. Riwaya ulikutanishwa nayo ukiwa umeshika kalamu. Eleza muktadha wa dondoo hili. Jadili maudhui. Kitabu kizima ulikisoma ukiwinda tashbihi na methali za kunukuu kwenye mtihani, na mwisho wake ukapewa alama. Sishangai kwamba leo, ukisoma bila kuulizwa swali lolote, unajihisi kama mtoro. Tena nakuomba usijitetee kwa kusema unaongeza msamiati. Utamu wenyewe unatosha.

Riwaya nzuri hutaka muda mrefu usiokatika. Kurasa za mwanzo zina kazi: unajifunza nani mke wa nani, nani anamdai nani, ugomvi wa familia ulianzia wapi. Ukifunga hapo ukarudi wiki ijayo, majina yote yamekutoka. Lakini ukikaa nayo saa mbili tatu, hufika mahali maneno huyaoni tena. Unaona ua wa nyumba, unasikia komeo la mlango, unamchukia mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Ukishafika hapo, utainukaje kwenda kufua, na mwenzio yuko katikati ya kilio chake?

Mtafute Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960. Bwana Ali ameuawa kule Unguja, na kila jibu Bwana Msa analopata linazaa swali jingine. Kitabu cha aina hiyo ukikisoma kurasa tano tano ndani ya matatu, konda akikudai nauli na redio ikivuma juu ya kichwa chako, unajidhulumu.

Halafu kumbuka unaishi mji gani. Ile Maktaba ya McMillan, pale Banda Street, yenye sanamu za simba mlangoni, ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Baraza la Jiji liliichukua 1962. Kizazi cha babu yako kilipita nje ya mlango ule kikienda kazini. Kuketi kutwa nzima na kitabu cha hadithi, pasipo mtu wa kukuuliza unafanya nini hapo, ilikuwa starehe iliyogawanywa kwa rangi ya ngozi, katika mji uliojengwa kwa mikono yetu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kusoma hadithi ni uvivu wa waliokosa kazi, hasira hunipanda. Wengine walijitengea uvivu huo wakaujengea nguzo.

Sisemi uache kazi. Deni la kodi huharibu ladha ya kitabu kama ya chakula. Basi siku yako ipangie: Ijumaa jioni fua, chemsha githeri ya kutosha kesho yake, waambie rafiki zako hupatikani, simu iweke droo ya chumba kingine. Vitabu usivinunue ghali. Wauzaji wa vitabu kuukuu wanaovitandika kandokando ya barabara mjini watakuacha usimame usome kurasa mbili kabla ya kulipa. Zisipokunasa, kirudishe. Ukikinunua halafu kikakuchosha katikati, kiache vilevile, maana hakuna mtahini anayekungoja.

Na ukimaliza, jipe muda kabla ya kuwasha simu. Utakuwa na uzito fulani kifuani kwa saa nzima hivi, kwa sababu watu ulioshinda nao wameondoka. Mimi huenda kutembea kidogo mtaani, hata dukani tu.

Hicho cha Jumamosi niletee ukija Jumapili. Mwisho wake usinisimulie.

Mama yako