Kabla hujashika gundi

Mdogo wangu unayeingia kwenye uhifadhi wa vitu vya makumbusho hapa Uganda, hasa kama umetoka shule ya sanaa ya Makerere, una mikono mizuri na inakuwasha: kilichovunjika ukiunge, kilichofifia ukipake rangi. Tulia kwanza. Kazi yetu kubwa iko stoo, kwenye vumbi, na haina picha za kurusha mtandaoni.

Soma zile sababu 10 za uharibifu zilizopangwa na Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada: moto, maji, wadudu, mwanga, wizi na kadhalika. Moja wengi huiruka, nami naona ndiyo inayotumaliza: kitu kutengana na taarifa zake. Ngoma ikishapoteza namba, nani atakwambia ilitoka Busoga au Bunyoro?

Sasa shika lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. Ikikaa imekunjwa miaka mingi hukatika palepale penye mkunjo. Iviringishe kwenye bomba pana lililofunikwa karatasi isiyo na asidi. Ukiikosa, kitambaa cha marekani (pamba isiyotiwa rangi) kilichofuliwa kikasuuzwa vizuri kitakusaidia. Lubugo ukiiweka kwenye maonyesho, mwanga usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga).

Kigoda kikidondosha unga mwembamba, ufute, tandika karatasi nyeusi chini yake, rudi wiki ijayo. Unga mpya ukiwepo, huenda wadudu bado wamo. Kifunge vizuri kwenye nailoni, kitie kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Umeme ukikatika (na utakatika), anza kuhesabu upya. Ngoma usiigandishe: ngozi iliyokazwa inaweza kupasuka.

Vya kusoma bure vipo. Miongozo mifupi ya hao Wakanada iko mtandaoni, na ICCROM, kituo cha kimataifa cha uhifadhi wa urithi kilichoko Roma, ina RE-ORG, njia ya kupanga stoo iliyovurugika, inayofaa hata makumbusho madogo. Kozi zao omba, ila nafasi hugombaniwa; usikae kuzisubiri.

Halafu kuna walimu wasio na vyeti. Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda jijini Kampala, iliungua Machi 2010, na UNESCO iliitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Hakuna kemikali inayojua kuezeka paa lile. Kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngeye, kama lubugo la kifalme lilivyo la ukoo wa Ngonge. Nenda ukakae nao na daftari lako. Salimia wazee ipasavyo, na kamera ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe.