Shevale ya gitare: ubadilishe ao uache?

SWALI: Jambo yaya. Niko hapa Katuba, Lubumbashi, napiga mi-solo (gitare ya kati, kati ya solo na ya rytme) kanisani na mara mingi naweka mi-kompoze (kamba ya nne nyembamba, oktava moja juu). Gitare yangu ni aina ya Strato (mfano wa Stratocaster ya Fender), ya bei ya chini, shevale yake (kile chuma cha juu ya mwili chenye kubeba kamba) imeshikwa na visi sita kwa mbele, iko na mkono wa vibrato wenye situmiake hata siku moja. Shida ni hii: katikati ya wimbo inatoka mu akorde, zaidi kamba ya tatu, tena nikipanda juu kwa sebene (ile sehemu ya mbio ya gitare) sauti haikubaliane na piano. Kuko mutu ananiambia ninunue shevale mpya ya bloki (kile kipande kizito cha chini yake) ya chuma, dola 80, inatoka Afrika ya Kusini, eti gitare itabadilika kabisa. Ninunue, ao hizi feza niziweke niongeze nitafute gitare ingine?

JIBU: Mudogo yangu, zile dola 80 ziache mu mfuko kwanza. Sisemi shevale mpya haina kazi, kuko gitare zenye bila kubadilisha hautoki, lakini kwa vile umeandika naona magonjwa mawili na hakuna hata moja yenye tumeshahakikisha inatoka kwa shevale. Hapa Lubumbashi shevale inaonewa sana, juu ni kubwa, inang'aa, inauzwa, basi kila shida wanaisukumia ile.

Anza na kamba ya tatu. Kamba moja ikitoka peke yake, angalia njia ya ile kamba: mekaniki yake (ya kukazia kamba pale kwa kichwa), siye yake (kile kipande cha mwisho wa shingo chenye kajia ka kila kamba), ponte yake (kale kachuma ka juu ya shevale kenye kubeba kamba). Zikitoka zote sita pamoja, zote zimeshuka ao zote zimepanda, hapo sasa njo tunaweza kuita shevale ije ijibu.

Fanya hivi leo jioni, haiombe hata franga. Weka kamba ya tatu mu akorde na akordere (kile chombo cha kupima sauti), kiisha ivute kwa kidole vile unavyovutaka ukipiga, iachilie, angalia akordere. Ikiwa imeshuka, bonyeza ile kamba taratibu upande wa kichwa, kati ya siye na mekaniki, uachilie. Ikipanda na kurudia pale ilikuwa, mgonjwa ni siye. Ukivuta, kamba inateleza kidogo inatoka upande wa kichwa inaingia upande wa freti, sasa ikitaka kurudi inakwama mu kajia kake, ule urefu wa ziada unabakia huku kwako na sauti inashuka. Na kama wakati unakaza mekaniki unasikia "ting" na sauti inaruka badala ya kupanda polepole, ni jambo lile lile. Kamba ya tatu njo inateswa zaidi kwa gitare mingi.

Dawa ya kwanza ni kreyo (kalamu ya risasi), ya kawaida ya mashule, laini kama 2B. Legeza kamba, itoe mu kajia, chora mle ndani mpaka kawe keusi, rudisha kamba. Ikisaidia siku mbili kiisha shida inarudia, kajia ni kembamba, inaomba lima ndogo (tupa) na mkono wenye haukimbizi, maana ukikata zaidi kamba itagonga freti ya kwanza na hapo siye ni ya kutupa. Na wewe wa mi-kompoze uko na neno lako peke yako: kamba ya nne nene unaitoa, unaweka nyembamba yenye kupanda oktava, lakini kajia kalikatwa kwa ile nene. Nyembamba inazama mle, inachezacheza, inalia zzz. Ukiwa unabakia mi-kompoze siku zote, tafuta fundi akukatie siye ya mfupa wa ngombe, vijia vipimwe kwa kamba zako kabisa. Kwangu kazi ile inashinda shevale yoyote utaletewa, na mfupa unapatikana kwa kila mwenye kuuza nyama.

Angalia pia vile kamba imezunguka pale kwa mekaniki. Mizunguko miwili mitatu, imepangwa ikishuka chini, inatosha. Nimeona watu wanazungusha minane, moja juu ya ingine, kiisha wanashangaa. Na kamba mpya lazima uivute kwa mkono, urudishe akorde, uvute tena, mpaka iache kushuka, mbele ya kwenda nayo kanisani.

Sasa ugonjwa wa pili, sauti kukataa piano ukipanda juu. Hapa shevale inaguswa kweli, ila ni kuipanga, haiko kuinunua upya. Weka kamba mpya (ya zamani yenye jasho na kutu hautaipanga mpaka kesho), weka mu akorde, kiisha linganisha: gusa kamba juu ya freti ya 12 bila kubonyeza ili ikupe ile sauti ya kengele, kiisha bonyeza freti ya 12 upige. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, kamba ni fupi, rudisha ponte nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, leta ponte mbele. Kila mara unasogeza, rudisha akorde ndipo upime tena. Gitare ya aina yako urefu wake kawaida ni milimetre 648, ni kusema kutoka siye mpaka katikati ya freti ya 12 upate 324, na ponte ya kamba ya kwanza inakaa karibu na 648, zile za kamba nene zinarudi nyuma zaidi. Ya nne yako kwa sababu ya mi-kompoze haiwezi kukaa pale pa ile nene. Ni nyembamba, ilete mbele. Naamini nusu ya ugomvi wako na piano inatoka pale, maana gitare inatoka duka imepangwa kwa kamba za kawaida, hakuna mutu huko kiwandani anajua mi-kompoze.

Mbele ya kushika ponte lakini angalia shingo. Tuko mu kiangazi, hapa kwetu kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kenda mbao inakauka, shingo inasogea, hata ncha za freti zinaanza kukata mkono. Shingo ikisogea kimo cha kamba juu ya freti kinabadilika, na akorde ya juu inabadilika pamoja nayo. Chuma cha ndani ya shingo unakizungusha robo tu, unaacha, unapima kesho yake. Kikikataa usilazimishe, peleka kwa mwenye kujua.

Mkono wa vibrato hautumie, basi kwa nini shevale iendelee kuelea? Kampuni ya Fender waliitoa na Strato mu 1954 kwa wenye walitaka kutetemesha sauti. Wewe mi-solo yako inatembea mbio na safi, unataka kintu chenye kimesimama. Shevale ya kuelea, ukivuta kamba moja zingine zinashuka, kamba moja ikikatika zingine zote zinapanda, na kwaya iko inaendelea kuimba! Fungua plastiki ya nyuma, ongeza resori (springi) ziwe tano, kaza zile visi mbili ndefu za ndani mpaka shevale ilale juu ya mwili wa gitare. Ukitaka iwe imara kabisa, kata kipande cha mbao ngumu, kiingie kikiwa kimebana kati ya bloki na ukuta wa upande wa kifungo cha mkanda, haiko upande wa resori. Eric Clapton mwenyewe, yule mpiga gitare mkubwa wa Uingereza, anajulikana kwa kufunga vibrato yake hivyo, basi mutu asikuambie ni mambo ya umaskini. Ukimaliza rudia kazi ya ponte, juu shevale imeshuka.

Haya, ni wakati gani nitasema nunua? Kuko alama zangu. Kwa wenye kutumia vibrato: unasukuma mkono chini, unaachilia, unapima, kiisha unavuta juu, unaachilia, unapima. Kamba zote zikirudia mahali pawili tofauti, na siye tayari ni nzuri, makali ya shevale pale inagusana na visi yameliwa. Hata hapo jaribu kwanza kulegeza kidogo visi nne za katikati, zile mbili za pembeni zibebe kazi, mara mingine shida ni visi zilikazwa sana. Alama ingine: visi za ponte zimekula kutu ao zimekatika kichwa, ponte zimechimbika mpaka kamba inakatika kila mara pale pale, ao tundu la mkono mu bloki limeliwa. Kama ni ponte tu, nunua ponte tu, zinauzwa sita sita na bei yake ni ndogo sana kuliko shevale nzima. Kwako wewe lile tundu la mkono hata likiliwa halikuhusu.

Na hii habari ya bloki ya chuma. Za bei ya chini mingi ni za zinki ya kumwaga, nyembamba, na ya chuma iko nzito zaidi, kamba inaweza kulia muda mrefu kidogo. Sikatae. Lakini gitare yako inapita mu mikro (zile za gitare zenye kukamata sauti ya kamba), mu ampli, kiisha mu zile bafle (spika) za kanisa pamoja na batri (ngoma) na kwaya ya watu wengi, ile tofauti utaisikia peke yako chumbani usiku. Kwa dola 80 ni ghali.

Ukiwa bado unataka kununua, pima kwanza, maana hapa njo watu wanapoteza feza. Chukua rula, pima kutoka katikati ya visi ya kwanza mpaka katikati ya visi ya sita. Gitare mingi za bei ya chini, na Squier (jina la Fender la bei ya chini) mingi, ziko na milimetre 52,5 hivi. Zile za Marekani za mtindo wa zamani ziko na 56 hivi. Haziingiliane, na kutoboa tundu mpya karibu na ya zamani ni kuharibu mbao. Pima pia unene wa mwili, gitare za bei ya chini mara mingine ni nyembamba na bloki ndefu itatokea nyuma. Muuzaji mwenye hajui hivi vipimo, kimbia. Na mwenye atakuambia uweke Floyd Rose (shevale ya vibrato yenye kufunga kamba), ile inaomba kuchimba mwili, usimsikilize.

Wenye gitare za mtindo wa Les Paul (ile ya Gibson), neno lenu ni fupi zaidi: angalia kama vijia vya ponte havijaliwa na kama zile nguzo mbili haziyumbi mu mbao. Nguzo ikiyumba, shevale mpya haitasaidia, kosa ni tundu.

Kununua gitare ingine, mudogo, sikushauri mbele ya kufanya hizi kazi, juu ile mpya ya bei hiyo hiyo itakuja na siye ya plastiki hiyo hiyo. Fanya kreyo, kamba mpya, resori tano, ponte ya nne mbele. Ukiona bado kamba zote zinatembea pamoja, nitumie picha ya shevale kwa juu na kwa nyuma, pamoja na ile namba ya rula, tutaangalia kama ile ya dola 80 inaingia hata pale.