Mwizi Aliyekwisha Kugeuza Mgongo

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mwizi alivunja mlango wetu usiku akiwa na panga. Nilimpiga rungu mkononi, panga likamdondoka, akakimbia. Majirani walimkamata njiani, nami nikawafikia nikampiga pamoja nao hadi akafa. Barazani wananiambia kuwa Mtume (s.a.w.) amesema mtu kama huyo ni wa motoni, kwa hiyo sina dhambi. Mbona basi silali?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mwanangu, swali lako limenishughulisha sana, kwa kuwa hayo ya barazani nayasikia hata misikitini, na watu wanauawa kwayo.

Pigo la kwanza, panga likiwa bado mkononi mwake, halina lawama. Hata angalikufa palepale usingalidaiwa kitu.

Shida ni la pili. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), nao wameshika mwisho wakaacha mwanzo. Mtu aliuliza: akija anayetaka kuninyang'anya mali yangu? Akaambiwa asimpe. Akipigana nami? Pigana naye. Nikimuua? Ni wa motoni. Jibu hilo la mwisho limejengwa juu ya mtu ambaye bado anapigana. Aliyeangusha silaha na kukimbia hamo, na anayemtia humo anamsingizia Mtume jambo zito. Imam Nawawi, ambaye kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, kinasomwa sana katika madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza kwamba mshambuliaji huzuiwa kwa lililo jepesi kwanza: anayezuilika kwa maneno au kwa kuita msaada hapigwi, anayezuilika kwa mkono hapigwi fimbo, na kuua ni mwisho kabisa. Isitoshe, mwizi aliyethibitishiwa wizi mbele ya kadhi, adhabu yake katika Qur'ani ni kukatwa mkono, si roho; umati wa mtaani umeyapata wapi mamlaka ambayo kadhi mwenyewe hakupewa? Na wanaodhani kuwa damu ikishirikiwa na wengi humpunguzikia kila mmoja, wakumbuke Khalifa Umar (r.a.), aliyewaua watu kadhaa kwa roho ya mtu mmoja, akasema kuwa lau watu wote wa mji wa San'aa, huko Yemeni, wangalishirikiana kumuua, angaliwaua wote.

Sheria ya Tanzania haiko mbali na hapo: kifungu cha 18B cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamtaka anayejitetea atumie nguvu za kiasi tu.

Basi usimsikilize anayekutuliza kwa uongo. Huko kutolala ni dalili kuwa moyo wako haujafa. Tubu, na ufunge miezi miwili mfululizo, maana kafara, yaani malipo ya kufuta dhambi ya kuua, ni juu ya kila aliyeshiriki. Tafuta wakili, kisha mwende pamoja polisi mkaeleze yaliyotokea, mapigo yote mawili. Haki ya damu iko kwa warithi wake, wakitaka watasamehe au watachukua dia, yaani fidia ya damu. Huyo kijana pengine ana mama aliyeletewa maiti asijue la kusema mbele ya watu, kwani matanga ya mwizi hayana wa kuhani. Usimwendee peke yako wala kwa ghafla. Watangulize wazee, nami niko tayari kufuatana nao.

Wallahu a'lam.