Kimelea cha malaria hakitoboi chembe ya damu

Mleta mada, umeuliza inakuwaje kimelea cha malaria kitoboe chembe nyekundu na chembe isipasuke. Jibu ni kwamba hakitoboi. Kinaubonyeza utando hadi ukunjike kwa ndani, kinazama kikiwa kimevikwa utando huohuo, kisha mlango unajifunga nyuma yake.

Nazungumzia Plasmodium falciparum, aina mojawapo ya vimelea vya malaria. Kinachovamia huitwa merozoiti, urefu wake maikromita 1 hadi 2 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Chembe nyekundu ina upana wa kama 7 au 8. Kinaanza kwa kugusa upande wowote, halafu kinajigeuza mpaka ncha yake iukabili utando. Kisipogeuka hakiingii, maana vifuko vya protini za uvamizi (mikronemu na roptri) viko kwenye ncha hiyo. Humo ndimo inamotoka protini ya RH5, inayoshika basijini, protini iliyo juu ya chembe yetu. Kingamwili zikiuzuia mshiko huo, kimelea kinabaki nje.

Hatua inayofuata kwangu ndiyo ya ajabu kuliko zote. Kimelea kinapachika protini yake, RON2, kwenye utando wa chembe, kisha kinaikamata kwa AMA1 iliyo juu ya mwili wake. Yaani kigingi na kamba vyote kimekuja navyo! Hapo hufanyika pete, na mota ya aktini na mayosini (protini za kimelea zinazousogeza mwili wake) inakivuta kupita katikati yake. Maabara wakitia saitokalasini D, dawa inayovuruga aktini, kinakwama mlangoni: pete imeshaundwa, lakini mwili hausogei.

Tangu kugusa hadi kuzama ni kama dakika moja au mbili. Ndiyo maana chanjo ya hatua ya damu, yaani ya kukizuia kimelea kisiingie kwenye chembe, ni ngumu kuipata: kingamwili lazima ziwe nyingi, tayari zinazunguka. Chanjo za malaria za RTS,S na R21 hukaba mapema zaidi, kabla kimelea hakijaingia kwenye ini. Chanjo ya RH5 ni nyingine, na imejaribiwa Bagamoyo.

Aliyesema humu kuwa kuna watu wenye "damu ngumu" hajakosea sana. Kilifi kuna watu wenye aina ya damu iitwayo Dantu. Utafiti uliochapishwa 2020 ulionyesha kuwa utando wa chembe zao umekazwa zaidi, na ukikazwa kupita kiwango fulani kimelea kinashindwa kuukunja. Hata kwa watu hao, chembe ambayo utando wake umelegea kidogo huvamiwa.