Maswali ya Wasomaji: Ovos moles za Ureno katika jiko la Arusha

SWALI: Shikamoo, mama mpishi. Nilijaribu kupika ovos moles, kitamu cha viini vya mayai na sukari kutoka mji wa Aveiro nchini Ureno. Maelezo niliyoyafuata yanataka shira ifike nyuzijoto 108. Nilisubiri hadi kipimajoto kikafika hapo, nikaimimina juu ya viini. Mayai yaliganda vipande vipande, kesho yake sukari ikawa imerudi chembechembe, na rangi haikuwa ya dhahabu. Tatizo ni nini?
Msomaji, Kijenge, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kilichokuponza kwanza ni hiyo 108. Aveiro ipo pwani, ambako maji huchemka kwa nyuzijoto 100, ilhali Arusha ipo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na huku maji huchemka kwa nyuzijoto 95 hivi. Shira nayo hushuka kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo ukolevu ambao mpishi wa Aveiro anaupata kwa 108 wewe unaupata kwenye 103 hivi. Ulipoendelea kusubiri, maji mengi yalikwenda na mvuke, na sukari iliyokosa maji ya kutosha hurudi chembechembe inapopoa.

Kwa hiyo weka kipimajoto kando na utazame shira yenyewe, kama wafanyavyo wapishi wa kaimati. Chukua gramu 250 za sukari na mililita 125 za maji kwa viini vinane. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha usiikoroge tena, na ukitumia sukari ya kahawia engua povu linalopanda. Inua kijiko mara kwa mara: matone ya mwisho yakianza kuvuta uzi kabla ya kukatika, epua.

Sasa vuta subira, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kiini cha yai huanza kushikana kwenye nyuzijoto 65 hadi 70 hivi, na shira iliyotoka motoni hukigandisha papo hapo. Wareno wenyewe, wanapotaka nyuzi za mayai ziitwazo fios de ovos, humimina viini kwa makusudi ndani ya shira inayochemka. Wewe unataka kinyume chake, yaani ulaini mtupu. Acha shira ipoe mpaka uweze kuishika sufuria kwa mkono bila kuungua, chuja viini kwa chujio ili kuondoa ngozi zake, vichanganye na vijiko vichache vya shira, ndipo umimine shira yote taratibu huku ukikoroga. Rudisha kwenye moto mdogo sana na usiache mwiko hata kidogo. Mchanganyiko umeiva unapokuwa mzito kiasi kwamba mwiko ukipita, kitako cha sufuria kinaonekana kwa muda kabla ya kufunikwa tena. Kama unatumia jiko la mkaa, punguza makaa mapema, kwa sababu moto wake haupungui kwa haraka unapouhitaji upungue.

Kuhusu rangi, yote hutoka kwenye kiini, na kiini hufuata chakula cha kuku. Kuku anayelishwa mahindi meupe hutaga yai lenye kiini kilichofifia, na anayedonoa majani kutwa hutoa kiini chenye rangi kali. Tafuta mayai ya kienyeji. Nakusihi usitie rangi ya dukani.

SWALI: Ute wote unaobaki tuufanyie nini, na kitamu hiki kikae siku ngapi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Inasimuliwa kwamba watawa wa Ureno, ambao katika nyumba zao ndimo vilimozaliwa vitamu vingi vya namna hii, walitumia ute kutia wanga mavazi yao, na watengeneza mvinyo waliutumia kusafishia mvinyo. Nyumbani, upige na sukari mpaka usimame, uoke ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto. Wareno huiita pudini hiyo molotof. Usipoupika siku hiyo, uhifadhi kwenye jokofu ukiwa umefunikwa. Ovos moles nazo zifunike zikishapoa, ziweke kwenye jokofu na zile ndani ya siku tatu. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, zitupe.