Vipanga wa vuli: namba hazilingani

Mdogo wangu, nimekuelewa: mlikaa Ras Kigomasha, kaskazini mwa Pemba, asubuhi moja kuhesabu vipanga wanaohamia kusini, wewe ukapata 60, mwenzako 35, na unauliza kwa nini. Hata mimi yalinikuta. Kipanga hupanda na hewa ya moto akizunguka kama kishada. Akipotea nyuma ya minazi akirudi, unamwandika tena. Chagua mstari, tuseme kutoka mnara wa taa mpaka mnazi fulani, na umhesabu anayeuvuka kwenda kusini tu. Mmoja aangalie, mwengine aandike, kila saa na mstari wake daftarini, na upepo wake.

Usiyemjua usimbandike jina, andika “kipanga” basi. Kunguru wetu hawa nao wanachanganya, ila mbawa zao pana, za kipanga zimechongoka. Novemba na Disemba utawaona wale vipanga wadogo wa Asia ya mashariki, wamevuka Bahari ya Hindi, wanafukuza kumbikumbi mvua ikikatika. Hapo kuhesabu ni kazi!

Darubini usiielekeze juani, jicho halina spea. Mwambie sheha, kiongozi wa mtaa, kabla hamjakaa na darubini; mie nilihojiwa saa nzima. Ukiokota aliyeumia, au mwenye pete ya watafiti mguuni, waite watu wa misitu, usimfuge.